Andika Tu Bon

Regulateri ya saba ilirudi Kasongo siku ya Jumatatu, imezungushiwa kipande cha neti ya mbu na kufungwa nyuma ya pikipiki ya Pacifique. Pacifique ndiye motari aliyepeleka mizigo ya ateliye mpaka Lusangi, Kabambare na Salamabila, wala hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliiweka mezani, akajifuta vumbi usoni, akasema:

"Hii imetoka Lusangi, ile ya chumba cha kuzalia. Mama Aurélie amesema musimutumie ingine. Amesema afazali koroboi."

Watu wanane waliokuwa wameinamia meza waliinua vichwa. Ateliye ilikuwa nyumba ya matofali karibu na soko, iliyofunguliwa na mradi mmoja wa taa za jua. Kazi yao ilikuwa kulehemu vipande vidogo, vingine vidogo kama punje ya mtama, mpaka itoke regulateri, kisanduku kinachokaa kati ya paneli na betri na kuamua taa ipate umeme kiasi gani. Visanduku hivyo vilikwenda kwenye vyumba vya kuzalia vya kusini. Kumi na tisa vilikuwa vimekwisha kufungwa ukutani. Saba vilikuwa vimerudi vimekufa.

"Kulitokea nini kule?" aliuliza Mounira.

Pacifique alimtazama kidogo kabla ya kujibu. "Mwanamuke alikuwa katikati ya kuzaa. Taa ikazimika. Mutoto alitoka muzima. Lakini mama alipasuka, akavuja damu mingi. Mama Aurélie alimushona kwa tochi ya simu, na simu nayo ikazimika mbele amalize."

François, shefu wa ateliye, alikigeuza kisanduku akasoma namba iliyoandikwa chini. Alikuwa mtu wa makamo, mpole siku nyingi, aliyezoea kuwagawia wafanyakazi karanga saa nne. Siku hiyo hakuwa na upole.

"Namba ya Mounira," alisema. "Kati ya saba, ine ni zako."

"Ndiyo, shefu."

"Mafundisho tuliyoyapata Kindu mumeyasahau? Umeme mudogo unakaa kwa mwili wa mutu. Nguo za nailoni ndizo zinauzalisha. Ukigusa kipande, kinapigwa cheche, na wewe hata hausikie. Kinaweza kupimwa kikaonekana kizima, kisha mwezi mumoja kinakufa." Alinyoosha kidole. "Wote hapa wanavaa bluzi ya ateliye. Wewe peke yako unavaa ile mutandio juu yake."

"Mutandio wangu ni wa pamba."

"Nani aliupima? Uutoe."

Benita, aliyekaa naye meza moja tangu mwanzo, alikiinamia chuma chake cha kulehemu kama aliyeona kasoro pale. Mounira alisikia masikio yakimwaka. Alikuwa mtoto wa mji, wa ukoo wa Waislamu wa Kasongo. Tangu alipovunja ungo hakuna mwanaume asiye wake aliyeona nywele zake.

"Siutoi mbele ya watu, shefu."

"Basi enda nyumbani ukafikirie. Alhamisi tunapakia ishirini na ine. Ukirudi, urudi bila ile kitu kichwani."

Aliondoka na bluzi yake mwilini, kwa kuwa hakutaka kusimama pale akifungua vifungo huku wakimwangalia. Lakini yeye na François walijua jambo moja ambalo wengine hawakulijua, nalo lilikuwa limeandikwa katika kaye, daftari lenye jalada la kijani, juu ya rafu.

*

Kila mfanyakazi alikuwa na bangili ya kitambaa mkononi, yenye waya uliokwenda mpaka kwenye nondo iliyozikwa ardhini nje ya dirisha. Kazi ya bangili ilikuwa kuutoa ule umeme mwilini kidogo kidogo na kuupeleka kwenye udongo. Kila asubuhi kabla ya kazi, Mounira alipaswa kuzipima zote nane kwa testeri, taa ya kijani au nyekundu, na kuandika katika kaye: bon kwa iliyo nzima. Ndiye mpimaji. Kwa kazi hiyo aliongezewa kitu kidogo mwisho wa mwezi, na jina lake liliandikwa chini ya kila ukurasa.

Tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, mwanzoni mwa kiangazi, testeri ilikufa. Alimpelekea François. François aliitikisa, akaifungua, akaifunga tena.

"Ya mupya itatoka Kinshasa, miezi miwili. Tukisema haiko, wakubwa wa mradi kule Kindu watasimamisha kazi. Andika tu bon."

"Bila kupima?"

"Zilikuwa bon jana. Juu ya nini zisikuwe bon leo? Mounira, nyumba nane zinakula hapa."

Aliandika. Siku ya kwanza mkono wake ulikuwa mzito. Siku ya kumi aliandika huku akiongea na Benita habari za bei ya mihogo. Sasa ilikuwa siku ya thelathini na nne, na udongo chini ya dirisha ulikuwa umepasuka kwa ukavu.

*

Mumewe Ismaël alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani pa nyumba yao, na watu wa mtaa walimpenda kwa sababu hakuchelewesha nguo za sikukuu. Alipomwona mkewe anarudi saa sita mchana alisimamisha mguu wake kwenye cherehani.

"Umegonjwa?"

"Hapana. Nipe makaa ya pasi."

Hakueleza zaidi. Alivuta uzi mmoja pembeni mwa mtandio wake, akaushika kwa koleo juu ya kaa. Uzi uliwaka, ukanuka kama karatasi, ukabaki jivu lililopukutika alipolipuliza. Alipumua. Kisha, bila kukusudia sana, kwa vile mkono ulikuwa tayari pale, alivuta uzi wa bluzi ya ateliye, pindo la chini, akauweka kwenye kaa.

Haukuwaka. Ulijikunja, ukayeyuka, ukawa tone jeusi gumu kama kichwa cha pini.

Alivuta mwingine. Tone. Alipoinua macho, Ismaël alikuwa amesimama, futi yake ya kupimia inaning'inia shingoni, na uso wake ulikuwa umekwisha kusema kila kitu.

"Bluzi hizi ulizishona wewe," alisema Mounira.

"Nilizishona."

"Kwa fakitire ya malipo uliandika nini?"

"Pamba."

"Na hii ni nini, Ismaël?"

Alikaa kwenye kiti cha wateja. "Pamba ilikosekana soko zima. François akasema nishone na ile iliyoko, lakini niandike pamba, kwa sababu Kindu walishatoa bei ya pamba. Pesa iliyobaki tuligawa, yeye na mimi. Sehemu yangu ndiyo ile mabati ya chumba cha watoto."

"Ulijua nafanya kazi gani ndani yake?"

"Nilijua unalehemu! Nguo ni nguo, Mounira. Nilijuaje nguo inaweza kuua taa?" Alijipangusa uso. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Bado." Akamweleza habari ya Lusangi, na ya mtandio. Aliposikia kuwa François alimwamuru mkewe avue mtandio mbele ya watu, Ismaël alisimama kwa ghafla, kiti kikaanguka.

"Naenda kumuona sasa hivi."

"Kumwambia nini? Kwamba mutandio wa bibi yako ni pamba, na bluzi uliyomushonea ni nailoni?"

Alikiokota kiti polepole. Mounira hakutaka kumwacha abebe peke yake, wala hakuwa na nguvu ya kuendelea kuficha. Akamwambia na yake: testeri, kaye, siku thelathini na nne za bon.

Mteja alikuja kuulizia suruali; Ismaël alimwambia arudi kesho bila kumtazama.

"Basi tunyamaze," alisema mwishowe. "Tukifungua kinywa tunaanguka wawili, katika nyumba moja. Watoto watakula nini? Mimi nitashona bluzi zingine, pole pole, za pamba kweli. Testeri itafika. Kitu kitajitengeneza."

"Na zile ishirini na ine za Alhamisi?"

Ismaël alirudi kwenye cherehani, akaanza kukanyaga.

*

Kesho yake Mounira alichukua bangili yake, ambayo alikuwa ameondoka nayo mfukoni, akaenda kwa fundi wa redio sokoni. Mzee yule aligusisha ncha mbili za kipimo chake, moja kwenye bangili, moja mwishoni mwa waya. Akajaribu tena. Kisha akaupinda waya karibu na kifungo, akatikisa kichwa.

"Imekatika ndani ya ngozi yake. Kwa nje nzuri, kwa ndani hakuna kitu kinapita. Unaivaa tangu lini?"

"Kila siku."

"Basi ulikuwa unavaa shanga, mama."

Alicheka kidogo, akaona Mounira hacheki, akaacha. Hakumtoza kitu.

Usiku ule na uliofuata Mounira na Ismaël walilala wakipeana migongo. Hawakugombana. Watoto wawili walihisi nyumba imebadilika, wakala bila kelele.

*

Alhamisi asubuhi alirudi ateliye na mtandio wake kichwani. François alimwona, akafungua kinywa, akakifunga. Alimhitaji. Karatasi ya kusafirisha mzigo haikuwa halali bila sini mbili, sahihi ya shefu na ya mpimaji. Nje, Pacifique alikuwa amekwisha kufunga masanduku kwa mipira nyuma ya pikipiki.

"Tia sini hapa," alisema François kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba yaishe. "Mambo ya mutandio tutaongea kisha."

Mounira aliishika kalamu. Aliona jina lake limekwisha kupigwa chapa pale chini, linasubiri. Akaiweka kalamu mezani.

"Sitii."

"Juu ya nini?"

Aliwageukia wenzake, kwa sababu alijua akimjibu François peke yake hatamaliza. "Testeri ilikufa tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita. Tangu siku ile sijapima bangili hata moja. Niliandika bon kila siku, na ilikuwa uongo. Yangu nimeipeleka kwa fundi, waya umekatika ndani. Zenu sijui. Na hizi bluzi si pamba, ni nailoni. Kila kitu tulichogusa kiangazi hiki, hakuna anayejua kama ni kizima ao kimegonjwa. Mimi sijui, shefu hajui."

Mtu mmoja aliitazama bangili yake, akaivuta kama inayomuuma. Lakini wa kwanza kusema alikuwa Benita, na hakumwambia François.

"Mounira, mimi niko na watoto watano, bwana alikwenda kuchimba Salamabila hajarudi. Mradi ukifunga, tutakula ile kaye yako?"

"Benita, yule mama wa Lusangi—"

"Simujui yule mama! Wewe ndiyo ninakujua. Tumekaa meza moja. Kila asubuhi uliniambia niko bon."

Hilo lilimwingia kuliko yote.

François alikuwa amepauka. "Umeandika kwa mukono wako," alisema. "Sini ni yako, siku zote thelathini na kitu. Akiulizwa mutu, ni wewe. Na mbele uongee habari ya bluzi, enda ukamuulize bwana yako aliandika nini."

"Hana haja ya kuniuliza."

Ismaël alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwona akifika. Alivaa shati lake la Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi, na mkononi alishika kitabu chake cha fakitire, kile chenye nakala za bluu. Alikiweka mezani, akakifungua, akapiga kidole.

"Hapa niliandika pamba. Ilikuwa nailoni. Nililijua. François alilijua. Pesa iliyobaki tuligawa, na mimi sehemu yangu nitairudisha, hata ikinichukua mwaka." "Bibi yangu hakujua. Hilo ndilo nilikuja kusema."

François alikaa. Alionekana mzee ghafla. "Nilitaka kazi isisimame," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Walisema mwezi mumoja bila kutoa mizigo, mradi unahamia kwingine. Walisema hivyo kwangu, si kwenu."

Kisha akainuka, akaenda mlangoni. "Pacifique, enda. Sini ya pili nitaitafuta."

Pacifique alikuwa amekaa juu ya pikipiki, kofia ya chuma magotini. Alishuka. Akaanza kuifungua mipira, mmoja baada ya mwingine, na kuyashusha masanduku mavumbini.

"Mimi ndiye mutu wanamuona wakifungua mulango," alisema. "Nilipofika Lusangi walikuwa wanafua mashuka. Sibebi hizi."

*

Mzigo ukiwa hauna wa kuubeba, simu ilipigwa Kindu, kwa madamu Elsa wa mradi, François mwenyewe akishika simu na sauti ikiwa wazi watu wote wasikie. Elsa hakupiga kelele. Aliuliza maswali mafupi na kila jibu lilifuatwa na kimya cha mtu anayeandika. Mwisho alisema kazi imesimama tangu saa hiyo, François apande Kindu na kaye na fakitire, na majina ya wote wawili waliotia sini yatapelekwa mbele.

"Na zilizo ukutani? Ziko ngapi?"

"Kumi na mbili, madamu," alijibu Mounira.

"Vituo vyote viko na mtandao?"

"Nusu haviko."

"Basi mutu aende."

"Nitaenda mimi."

Ismaël alimfungia mihogo ya kuchemsha na blanketi. Mama mkwe angeuliza mwanamke wa ndoa anafanya nini nyuma ya motari siku nne. Ismaël alisema hilo atalijibu yeye. Walipoagana alimkaza fundo la mtandio nyuma ya shingo, mbele ya majirani, akarudi ndani.

Njia ilikuwa vumbi na mashimo. Kituo kwa kituo alisema maneno yale yale, akapanda kigoda, akafungua skrubu nne, akashuka na kisanduku. Mahali pengine walimsikiliza. Mahali pengine walimwita mwizi, anayekuja kunyang'anya walichopewa, na Pacifique alilazimika kusimama kati. Siku ya pili, kwenye kilima penye mtandao, Ismaël alimpigia. Benita alikuwa amekuja barazani akatupa bluzi yake miguuni kwa Ismaël bila salamu. Watu wawili walikuwa wamekuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa.

"Na wewe?" aliuliza Mounira.

"Ninashona. Wewe endelea."

*

Walifika Lusangi jioni ya siku ya tatu. Kituo kilikuwa na taa mbili. Ile ya chumba cha kuzalia, regulateri yake ndiyo iliyorudi Kasongo; ya pili, iliyokuwa chumba cha wagonjwa, Aurélie alikuwa ameihamishia pale kwa mikono yake. Ilikuwa inawaka juu ya kitanda, nyeupe, bila kutikisika. Kitandani alikuwepo msichana akilia kwa uchungu wa kwanza.

Aurélie alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mkulima. Alimsikiliza Mounira huku akinawa.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Faida, yule mama aliyepasuka, yuko chumba cha pili. Mushono ulioza, nimeufungua na kuushona tena. Umuambie kwanza yeye."

Mounira aliingia. Faida alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Alimsikiliza mpaka mwisho, bangili, kaye, nguo, bila kupepesa. Kisha akauliza:

"Kupima ilikuwa inachukua wakati kiasi gani?"

"Dakika kumi. Watu wote wanane."

"Dakika kumi," alisema Faida. Akamgeuzia mtoto titi la pili.

Mounira alirudi kwenye chumba cha kuzalia na bisibisi mkononi. Aurélie alimzuia mlangoni.

"Unataka kufanya nini?"

"Kuitoa."

"Hii inawaka. Mwezi muzima inawaka. Mutoto anakuja usiku huu, na wewe unataka unitolee taa inayowaka?"

"Inaweza kuzimika."

"Inaweza, ao itazimika?"

Mounira alikitazama kisanduku. Aliikumbuka namba yake. Alikilehemu yeye, katikati ya mwezi wa sita. Kilikuwa safi. Hakuna jicho wala kidole ambacho kingeweza kusema. "Sijui, mama," alisema. "Ubaya wenyewe ndio huo. Sijui."

Msichana alipiga kelele. Aurélie aligeuka, akageuka tena. "Inabaki mpaka mutoto atoke. Na wewe hautoki hapa. Kuna koroboi pale. Iwashe, usimame upande wangu wa kushoto, uishike juu. Taa ikizimika, nisipoteze hata pumzi moja."

Aliwasha. Alisimama. Mwanga wa koroboi ulikuwa mwembamba, wa njano, hauonekani kabisa chini ya ule mweupe, kama mtu anayesema polepole penye kelele. Moshi ulimwingia machoni. Baada ya saa ya kwanza bega lilianza kuchoma, akabadilisha mkono. Baada ya ya pili hakubadilisha tena, kwa sababu mikono yote ilikuwa sawa. Mara moja taa ilionekana kama imepepesa, akaisogeza koroboi karibu, lakini alikuwa kipepeo wa usiku aliyepita mbele yake. Aurélie hakuinua kichwa hata mara moja. Aliongea na msichana, kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, sauti ileile, vuta pumzi, bado, bado, sasa.

Mtoto alitoka wa kike, akalia. Damu ilikuwa ya kawaida. Hakukuwa na cha kushona.

Aurélie alimfunga kitovu, akamweka kwa mama yake, akanyoosha mgongo. Akaitazama ile taa.

"Haikuzimika," alisema.

"Hapana," alisema Mounira.

Akaiweka koroboi dirishani, ikiwaka, mahali itakapomwangazia Aurélie. Akavuta kigoda, akapanda, na akaanza kufungua skrubu ya kwanza ya kisanduku.